Sababu Haikuwa Baridi

Mwanangu Zuhura,

Sitakuuliza hali. Tunakaa nyumba moja, tunapishana mlangoni mwa jikoni kila asubuhi, na hali yako naijua: umenikasirikia, na kesho unaondoka.

Naandika nikiwa kantini ya kazini, huku Jebel Ali, nimetoka kusali Alasiri. Kuna foklifti mbovu zinaningoja na nimeziacha zingoje. Nyumbani nilijaribu nikashindwa, maana kila nikikaa mezani na kalamu mamako anapita nyuma yangu polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokishika mkononi. Kiprono, yule kijana wa Kenya ninayefanya naye kazi, ameniona na karatasi akaniuliza, "Mzee, hiyo ni barua ya kuacha kazi ama?" Nikamwambia namwandikia binti yangu. "Lakini si mnakaa pamoja?" Nikasema ndiyo, tunakaa pamoja. Akanitizama kidogo, akachukua spana zangu. "Haya, andika. Hizo mashini nitaziangalia mimi."

Nimechoka, mama. Nakuita mama kwa kuwa jina ulilonalo ni la mama yangu, na ukiniona nakuita hivyo ujue nimeshusha mikono. Habari za soksi na sweta sitaziandika, mamako keshazisema mpaka begi limekataa kufungika. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali na mie sikukujibu.

Unalikumbuka. Ijumaa ile tumerudi msikitini, sinia la wali liko katikati, ukaniwekea simu yako mbele ya sahani nisome. "Nimepata, baba. Udaktari. Kazan, Urusi." Nikasema hapana. Ukaniuliza kwa nini, nikasema baridi. Ukasema, "Baba, baridi inavaliwa koti." Mamako akacheka, nawe ukacheka, na mie nilitaka kucheka. Nikasema khalas, yamekwisha, nikanyanyuka kwenda kunawa na chakula sijakigusa.

Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji. Karatasi za ruhusa nilikusainia, kweli, maana ada za vyuo vya hapa Dubai sote tunazijua na nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Lakini kusaini ni kazi ya mkono. Radhi sikuitamka, na wewe unajua kwamba sikuitamka. Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mamako, "Muulize baba kama radhi yake ninayo. Sitaki kupanda ndege nikiwa sijui." Naye akakujibu, "Mimi si posta. Babaako huyo hapo sebuleni, ana masikio mawili." Nilikuwa nayo yote mawili na yote yalisikia. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Sasa nakujibu. Itakuwa ndefu, nivumilie.

Unajua kwamba nilikwenda Urusi ujanani na kwamba sikumaliza. Watu wakiniuliza kwa nini sikumaliza nasema baridi, wanacheka, mazungumzo yanahamia kwingine. Jibu hilo nimelitumia miaka yote, limelainika kama kandambili ya zamani. Nilimpa hata mamako wakati nachumbia. Ndiyo maana Ijumaa ile lilitoka lenyewe. Halikuwa la kweli siku hiyo, wala halijapata kuwa la kweli. Baridi ya kule ni kali, lakini mabweni yao yana moto. Chini ya kila dirisha kuna mabomba ya chuma yanayopitisha maji ya moto, ukiacha shati lako juu yake asubuhi unalivaa limeshapigwa pasi. Joto la chumbani lilikuwa linanishinda, nalala na fulana.

Nilipelekwa Voronezh kusomea ufundi wa mitambo. Chumbani niliwekwa na kijana mmoja Mrusi, Kostya, mtoto wa kijijini, na mie mtoto wa Mji Mkongwe, lakini mjini kule sote wawili tulikuwa washamba, kila mmoja kwa upande wake. Wiki ya kwanza hakunichekea hata mara moja. Nikadhani ananichukia. Ukifika huko utaona, Warusi hawamchekei mtu wasiyemjua, wanaona ni kama uongo. Kumbe wakati wote alikuwa ananitizama ninavyohangaika na kibla, leo naelekea dirishani, kesho naelekea kabatini. Siku moja nimerudi darasani nikakuta amechora mstari wa chaki sakafuni, kutoka mguu wa kitanda changu mpaka kwenye ukuta. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa jiografia na ramani. "Huko ndiko," akaniambia, akaendelea kumenya viazi. Nikisali alikuwa anapunguza redio mwenyewe, bila kuambiwa. Wenzake wakija kunywa vile vileo vyao, mie ananimiminia chai kwenye kigilasi kama chao, niinue pamoja nao nisionekane nimekaa pembeni. Na ole wake mtu wa kunitania.

Nakusimulia haya ujue kwamba marafiki nilipata. Tatizo halikuwa watu.

Karibu na sikukuu zao Kostya akaniambia, "Mwisho wa wiki twende kwetu, mama yangu anataka kukuona." Nikamwambia, "Nitakuja, inshallah." Sasa wewe ni mtoto wa nyumba yetu, unajua tunavyolitumia neno hilo. Tunamtaja Mungu, lakini mara nyingine tunajificha nyuma yake, Mola atusamehe. Mtu akikualika harusi ya shangazi yake usiyemjua, unamwambia inshallah nitafika, yeye anajua hufiki, wewe unajua hufiki, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mie moyoni nilikuwa sina nia. Niliogopa nyama ya nguruwe, niliogopa kulala kwa watu, niliogopa kukaa kimya mezani kwa kukosa maneno ya kusema. Jumamosi ilipofika nikajifanya kichwa kinauma. Akaenda peke yake.

Jumapili jioni nikasikia mayowe huko chini mlangoni. Bweni letu lilikuwa na mama mmoja mzee wa kulinda mlango, Zoya, mwanamke ambaye hata mkuu wa chuo alikuwa akipita mbele yake anajifuta viatu mara mbili. Nikashuka. Kostya amesimama na theluji mabegani, kifuani amekumbatia boksi lililofungwa kamba, na ndani ya boksi jogoo anawika.

"Hili ni bweni au ni banda?" Zoya anauliza.

"Bweni, mama Zoya."

"Na huyo amejiandikisha chumba gani?"

"Huyu ni mgeni wa Hamadi," Kostya akasema, na wala hakunitizama.

Kumbe mama yake, Mama Lyuba, alikuwa ameambiwa kwamba Mwislamu hali nyama mpaka achinje Mwislamu. Hakuona tabu. Alikwenda kununua jogoo mzima, akamfunga mguu ukumbini, akamlisha siku mbili, ili nikifika nimchinje mwenyewe kwa taratibu zangu. Alitandika meza. Aliweka sahani yangu. Walikaa mpaka treni ya jioni ikapita, ndiyo wakala. Na kwa kuwa sikuja, jogoo ndiye aliyenifuata.

Mwanangu, mie nilikuwa sijawahi kuchinja hata njiwa. Kwetu kazi hiyo alikuwa anaifanya jirani. Tulikwenda nyuma ya bweni, Kostya akashika miguu na mbawa, mie nimeshika kisu natetemeka kuliko jogoo. Nikapiga bismillahi nikafanya. Tukampika kwenye jiko la wote kwa chumvi na vitunguu, hakuna tui, hakuna ndimu, akawa mgumu kama mpira wa gari. Hapo kwenye sufuria ndipo aliponiuliza.

"Kwa nini ulisema utakuja?"

"Nilisema inshallah."

"Mimi sijui hilo neno. Nilisikia 'nitakuja.' Ukisema utakuja, mama anaweka sahani. Hutaki kuja, sema hutaki. Hakuna atakayekufa."

Nikamwambia kweli, kwamba naogopa. Ndipo akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Sasa umesema," akaniambia, akampelekea Zoya paja zima la jogoo kwenye sahani. Zoya akalila lote, na kesho yake akatangaza kwamba mifugo ni marufuku bwenini.

Lingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, na pengine ningekuwa nimeshakusimulia zamani. Ningejifunza na ningemaliza chuo. Lakini mtu hujifunza jambo kwa mlango mmoja, likaja kumwingilia kwa mlango mwingine.

Kila mwezi nilikuwa nakwenda posta kupiga simu Unguja, kwenye duka la jirani yetu, naye anatuma mtoto kumwita mtu wa nyumbani. Baridi ilipokuwa imekolea, siku moja akaja kaka yangu mkubwa badala ya mama. Nikamsalimia, "Habari za nyumbani?" Akasema, "Nzuri." Nikamuuliza, "Baba hajambo?" Akaniambia taratibu, kwamba baba ameshazikwa, na hitima imeshasomwa. Waliona bora wanifiche nimalize mitihani. "Tumekuficha usije ukavurugikiwa," akasema, na mie nikamjibu, "Mmefanya vizuri." Ndivyo nilivyosema, Zuhura. Baba yangu amezikwa nami sipo, sijui hata alikufa na maradhi gani, na mie nasema mmefanya vizuri, kwa sababu simu ya posta ina watu nyuma yako na mtu anagonga kioo.

Nikarudi bwenini. Kostya akaniuliza vipi nyumbani. Nikasema, "Nzuri."

Hapa ndipo nilipokosea, na nimekosea kwa namna ambayo nadhani mtu wa kwetu tu ndiye angekosea. Kwetu mfiwa hajitangazi. Ukifiwa unakaa tu, na watu wanakuja. Huhitaji kusema neno. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, wanawake wako jikoni kwako wanapika na hujui wametoka wapi. Hata adui yako anakuja kukupa mkono. Mie nililelewa hivyo. Nikakaa kitandani kwangu Voronezh nikawa nangoja. Sikusema kwa akili kwamba nangoja watu, lakini nilikuwa nangoja. Siku zikapita hakuna aliyekuja, na moyo ukaanza kuwaona watu wa nchi ile hawana utu. Kostya anaingia, anatoka, anamenya viazi, hasemi pole. Nikamkasirikia. Zoya ananiuliza mbona sishuki kula, nami najibu nzuri, nzuri tu. Wangejuaje? Niliwaambia nzuri, na kule ukisema nzuri wanakuamini. Ndiyo heshima yao.

Nikaacha kwenda darasani. Kwanza asubuhi, halafu siku nzima. Jua lilikuwa linazama mapema mno, unasali Adhuhuri na Alasiri na Magharibi kama mtu anayekimbizwa, halafu giza refu. Nilikuwa nasali, hilo sikuacha, lakini nilikuwa nasali kama mtu anayelipa kodi. Kostya akadhani nimemchoka. Akaanza kuchelewa kurudi. Tukawa vijana wawili chumba kimoja, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Mpaka nikaitwa ofisini nikaambiwa mahudhurio yangu yamekwisha kuharibika, na nikaulizwa kama nina tatizo lolote. Nikasema sina.

Nilimwambia Kostya siku nilipokuwa nafunga begi, tiketi imeshakatwa. Nilimwambia kwa sababu alinizibia mlango. "Huondoki mpaka uniambie nimekukosea nini." Nikamwambia hukunikosea, baba yangu amekufa. Akauliza lini. Nilipomwambia, alikaa kitandani.

"Umenilaza chumba kimoja na msiba wako," akasema, "na hukuniambia."

Akashuka chini. Nikadhani ndiyo ameondoka kwa hasira. Akarudi na Zoya, na Zoya amebeba chapati zao zile nyembamba za maziwa ambazo huko huzila wakimkumbuka maiti. Akaniuliza jina la baba yangu. Nikamwambia. Akajaribu kulitamka, akakosea, akalirudia mpaka akalipata. Wakakaa pande zangu zote mbili, tukala zile chapati. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya babu yako kwa upande wangu. Yalichukua muda wa kunywa chai. Halafu Kostya akanibebea begi mpaka stesheni.

Sikwambii kwamba ningesema mapema ningemaliza chuo na leo ningekuwa injinia. Sijui. Allah ndiye anayejua, na riziki yangu aliiweka hapa Dubai, na hapa nilimpata mamako na wewe. Simlaumu. Lakini Kostya aliniandikia barua baada ya hapo, na mie nikajibu "mzima, alhamdulillah," akaandika tena, nikajibu yaleyale. Mtu atakwandikia mara ngapi ukimjibu hivyo? Ikakatika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko cheti.

Basi ulipotaja Kazan, hukutaja kwangu mji. Nilikiona kile kitanda. Nilikuona wewe umekilalia, unaulizwa "vipi" na unajibu "nzuri," kwa sababu wewe ni mtoto wangu kwa kila kitu. Nakujua. Ulipofeli ule mtihani wa leseni ya gari tulikuja kujua kwa shoga yako. Ulipolazwa kambi ya skuli na homa, ukatupigia ukituambia chakula ni kitamu. Vita vya huko navyo vipo, na habari zake unazisoma kuliko mie. Naviogopa kama mzazi yeyote. Lakini kilichonifanya niseme hapana ni hicho kitanda. Na badala ya kukwambia hivyo nikakwambia baridi, nikanuna, nikakaa nangoja nyinyi wawili mnielewe bila kusema. Yaani nimerudia kosa lilelile, na safari hii sina udhuru wa lugha.

Kiprono amerudi sasa hivi. "Mzee, moja imewaka. Bado unaandika?" Nikamwambia bado. Akasema juu ya baba yake, "Buda yangu hajawahi kuniandikia hata meseji." Akaenda zake na ile spana yangu kubwa.

Nataka tukubaliane jambo, na naanza upande wangu ili usione nakupa amri. Kikitokea chochote hapa nyumbani, kidogo au kikubwa, nitakwambia siku hiyohiyo. Iwe una mtihani, iwe huna. Sitakuficha kwa faida yako. Nilifichwa kwa faida yangu, najua ladha yake.

Na naanza leo. Mwezi uliopita nilikwenda kupima, sukari imepanda. Imepanda sana, daktari hakufurahi. Nimepewa vidonge na nimekatazwa chai ya maziwa na tende zaidi ya moja, na macho yatapimwa tena. Ule uchovu wangu ulioudhania hasira, nusu yake ni huo. Mamako alitaka tukwambie ukishazoea huko, usije ukavurugikiwa, maneno yaleyale ya kaka yangu. Tulibishana. Nimekwambia bila idhini yake, na leo nitakiri kwake kabla hujamuuliza.

Najua la kwanza litakalokujia ni kubaki. Usibaki. Sikukwambia ili ubaki. Kama nilikuwa nataka kukuzuia nilikuwa na mwezi mzima wa kulitumia hilo, na Mungu shahidi, siku mbili tatu nililifikiria, nikaona haya. Ninayo dawa, ninaye mamako anayehesabu tende zangu kuliko mimi. Nenda.

Na wewe upande wako, sikuombi uniambie kila kitu. Wewe ni mtu mzima na mtu mzima ana yake. Nakuomba jambo likikuelemea, mtu mmoja alijue. Akiwa ni mimi nitafurahi. Ikiwa si mimi, awe mwenzio wa chumbani, awe mama wa mlangoni, yeyote aliye karibu na kitanda. Usingoje waje. Waambie waje. Wakikukaribisha, nenda kweli, na kama huendi, sema huendi. Na wakikuwekea sahani, hata kama ni jogoo mgumu, kaa ule.

Sasa lile uliloliuliza. Radhi yangu unayo, Zuhura binti Hamadi. Ulikuwa nayo tangu Ijumaa ile, mimi ndiye niliyekaa nayo mdomoni. Naitamka kwa kalamu na nitaitamka kwa sauti. Allah akulinde kwenye njia, akupe elimu yenye manufaa, akukutanishe na watu wema kama alivyonikutanisha, akufanye mwepesi wa kusema kuliko baba yako. Sikwambii kwamba moyo wangu umetulia. Naogopa. Nakuruhusu huku naogopa, maana nikingoja woga uishe kwanza utazeeka hapa Bur Dubai.

Barua hii nakupa mkononi mwenyewe nikifika. Kesho siendi kazini, nimeshamwambia arbab, bosi wetu, nitakupeleka uwanja wa ndege mimi. Ukimaliza kusoma njoo sebuleni ukae na mimi kabla ya Isha. Kama una la kunilaumu, anza na hilo.

Babaako,
Hamadi